Mwali Aliyeingia Kwenye Picha

Wapo wanaosema nimezua. Waseme, midomo ni yao. Mimi haya niliyaona mchana kweupe, mbele ya umati wa watu, pale stesheni ya Morogoro, enzi za Mdachi, reli ikiwa bado ngeni.

Mdogo wangu Mwanaidi alikuwa mwali. Kwetu huku milimani, msichana akivunja ungo huwekwa ndani, gizani, asionwe na mtu wa nje, mpaka siku atakapochezewa ngoma na kutolewa. Humo ndani hulea mtoto wa mti, mwana hiti, anayerithiwa na wanawake wa ukoo. Humpaka mafuta, humlaza, humwimbia. Bila huyo mtoto, mwali hatolewi. Basi.

Sasa akapita Mdachi mmoja na askari wake, anakusanya alichokiita vitu vya kishenzi, akavifanyie maonyesho mjini. Askari akapenyeza mkono mlangoni kwetu, akamnyakua yule mtoto mikononi mwa Mwanaidi. Mama alilia mpaka sauti ikamkauka. Siku ya ngoma ilikuwa imekaribia, mtama wa pombe umeshalowekwa!

"Nenda kawaombe, mwanangu," akaniambia. "Hata magoti piga."

Nikateremka. Banda la mizigo pale stesheni lilifurika, hapana pa kutia mguu. Wahindi wa madukani na wake zao, walowezi, makuli wa reli, wote wanasukumana kutazama ngoma zetu na pinde zetu zilizopangwa mezani. Na wanacheka. Wanacheka nini, hebu niambieni? Mtoto wetu kasimamishwa katikati ya meza, hana hata kitambaa.

Nikapiga magoti. Yule Mdachi alikuwa na kamera ya miguu mitatu. Akasema maneno yake, na mkalimani, mtu wa pwani mwenye kanzu safi, akanigeuzia: "Binti, Bwana anataka picha. Kishike hicho kinyago, usimame tuli. Usipotikisika, utaondoka nacho."

Mngekuwa nyinyi mngekataa? Nikampakata mtoto, nikasimama.

Ndipo nikasikia harufu ya mafuta ya nyonyo. Kugeuka, Mwanaidi huyu hapa ubavuni kwangu, kajifunga kaniki, shanga shingoni, ngozi imetakata kwa kukaa ndani. Watu wananitazama mimi tu, yeye hawamwoni.

"Mwanaidi! Nani kakutoa nje?"

"Nimemfuata mwanangu, dada. Nipe. Analia."

"Rudi nyumbani, utaonwa!"

"Wewe, tulia!" mkalimani akafoka. "Unaongea na nani?"

Mwanaidi akanyoosha mikono, akamchukua mtoto kifuani kwangu. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. Mdachi akafungua jicho la kamera yake. Kufumba na kufumbua, mdogo wangu hayupo, na mtoto nimemshika mimi.

Nikapewa? Thubutu! Askari akanipokonya. Mkalimani akatazama pembeni, akasema Bwana kabadili nia.

Nilipanda mlima mbio, nalia. Mama nikamkuta mlangoni, hajabanduka pale tangu asubuhi, na aliapa mwali wake hajatoka. Tukaingia. Mwanaidi yupo, kakaa, mikono kaikunja kifuani kama anayepakata mtoto, macho mbele, hapepesi. Tukamwita, tukamtikisa. Uji alikunywa tukimlisha, neno hakutoa tena. Masika hayajaisha akafa hivyo hivyo, na mikono ile tulishindwa kuinyoosha, tukamzika nayo imekunjwa.

Baada ya matanga mama akasema twende tena stesheni, angalau mtoto akawekwe kaburini. Tukakuta wanafunga kila kitu kwenye masanduku yenye majani makavu, vipakiwe kwenye garimoshi mpaka Dar es Salaam, vivuke bahari. Yule mkalimani aliponiona alibadilika uso. Akachomoa picha.

"Aliyesimama pale ni wewe, niliona kwa macho yangu," akasema. "Huyu ni nani?"

Mimi simo. Yumo Mwanaidi na shanga zake, kamkumbatia mwanawe. Anatabasamu.

Mama aliirukia ile picha akipiga yowe. Askari akamsukuma akaanguka chini, mama yangu mzazi, mbele ya watu wale wale waliokuja kucheka. Picha ikatiwa sandukuni pamoja na mtoto, kifuniko kikapigiliwa misumari. Tangu siku ile mama hakuimba katika ngoma ya mwali yeyote, na mimi sijawasamehe. Sitawasamehe.

Nanyi mnaokimbilia kamera, mkiambiwa tulieni mnatulia, ulizeni kwanza picha inakwenda wapi na nani atakayeitunza. Nisikilizeni. Kaburi la mdogo wangu lipo hapa, nalifyeka mwenyewe kila mwaka, lakini mwenyewe hayumo. Yuko Ulaya ndani ya sanduku, gizani, kampakata mwanawe, anangoja ngoma ya kumtoa nje. Na wanaojua kuipiga tuko huku.