Kikombe cha Kupima Wageni

Wakati wa vita, majirani zangu wa Nyakabiga walinichagua mimi kuamua mgeni yupi aaminiwe. Waliona kofia yangu na sijida kwenye paji la uso, wakaridhika. Nami, kwa akili zangu nyingi, nikabuni kipimo: kikombe cha maji. Mwenyeji anaonja kwanza kuonyesha hakuna sumu, kama ilivyo desturi yetu, kisha mgeni anakunywa. Anayekataa ni adui. Werevu ulioje!

Jioni moja, saa ya kutotoka nje ikikaribia, mwanamume kutoka Uvira aliomba hifadhi. Nikapiga funda kubwa mbele ya majirani wote, nikamnyooshea kikombe.

"Apana, muzee. Siwezi kunywa sasa."

"Mmemwona muuaji!" nikapaza sauti. "Mfungeni kamba, apelekwe kwa wanajeshi!"

Wakamfunga. Mke wangu alisimama mlangoni na sahani ya tende, ananikodolea macho mimi, si mgeni. Nikajua ananistaajabia.

Ndipo adhana ya magharibi ikasikika. Mgeni akainua mikono yake yenye kamba.

"Bismillahi. Ramadhani imeniruhusu sasa. Nipatie hayo uliyobakisha, muzee."