Siku ulimi wa Papa Mushagalusa ulipokauka

Kule Kadutu, mtaa wa Bukavu, mtu aliyetaka kuoa au kuozesha alipita kwanza kwa Papa Mushagalusa. Jina lingine aliitwa Philémon, lakini tangu serikali ikataze majina ya wazungu lilibaki la misa, na la mke wake akikasirika. Kazi yake ilikuwa kushona abakosti, zile koti zisizovaliwa tai. Sifa yake ilikuwa ulimi. Familia zilimuweka awe musemaji wao siku ya mahari, naye alisimama, akakohoa kidogo, akasifu ng'ombe ambao hajawaona na mababu ambao hakuwajua, mpaka wakwe wakasahau kwamba walikuja kubishana.

Kitu ambacho watu hawakujua, ila mke wake Apolline, ni kwamba kila mara kabla ya kusema, tumbo lilimkaza kama nguo inayokamuliwa. Alikuwa anainama nyuma ya nyumba, ameshika ukuta, na wapita njia walisema: mumuache, anapanga maneno. Akitoka hapo alikuwa wa kwanza kumcheka bwana harusi anayetetemeka.

Basi ikafika zamu ya Nsimire, mtoto wake mwenyewe, aliyeombwa na kijana wa kule Walungu. Desturi yasema baba akae kimya, mwingine amsemee. Mushagalusa alikataa. Nsimire wake asemewe na nani? Tumbo likaanza kumkaza hata kabla wageni hawajatoka kwao.

Apolline akamsukuma mpaka kwa Donatien, muuguzi wa dispensari. Donatien akampa kichupa cha beladona, matone machache ndani ya maji, akamweleza polepole. Ndani ya mwili, alisema, kuna mishipa ya fahamu inayofanya kazi bila kutuomba ruhusa. Ndiyo inakaza tumbo, inaleta mate, inasukuma mkojo, inabana mboni ya jicho mbele ya mwangaza, na inashika moyo usikimbie ovyo. Dawa hii inainyamazisha. Kidogo, tumbo linatulia. Ukizidisha, kila kitu kinanyamaza pamoja na tumbo, isipokuwa moyo: ule utakimbia, maana hakuna tena wa kuushika.

Mushagalusa alisikia mahali pa tumbo tu, akatia kichupa mfukoni.

Siku yenyewe, wageni wakiwa bado wanapanda kilima, akahesabu matone kama alivyoambiwa. Kisha akafikiri kwamba hayo yalitosha kwa harusi za watu wengine. Akaongeza mengine kwa ajili ya mtoto wake.

Tumbo lilitulia kweli. Wageni wakaketi, na muzee Xavier, baba mdogo wa kijana na musemaji wa upande wao, akaweka katikati mtungi wa kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Akaonja kwanza yeye, kama inavyotakiwa, ili ionekane haina sumu. Mushagalusa akalowesha midomo, akasimama, akakohoa.

Neno halikutoka. Ulimi ulikuwa umeshonwa juu ya kinywa kama kiraka. Moyo ulikwenda kama mashine ya kushona iliyokanyagwa na mtoto. Uso uliwaka bila hata tone la jasho, na Xavier, aliyekaa karibu kabisa, alikuwa ukungu wenye ndevu. Colombe, dada yake Mushagalusa, akamkaribia, akamtazama machoni. Mboni zilikuwa nyeusi na pana kama vifungo vya koti.

"Kaka yangu bamemutilia karuho," akasema, hata bila kupaza sauti.

Bukavu neno hilo halihitaji sauti. Karuho ndiyo sumu ya kikombe, anayokupa mtu mnayecheka naye. Wanawake wote wakasimama. Xavier akasema ameonja mbele ya macho yao. Colombe akamjibu kwamba alilowesha ndevu tu. Mzee akashika kibuyu cha kunywea, akakinywa chote. Akajaza tena, akanywa, akamtazama Colombe, akajaza tena. Nyuma yake ndugu zake walikuwa wanatafuta kofia zao.

Mushagalusa alielewa yote. Neno moja lingetosha, lakini lingesema mbele ya watu kwamba musemaji wa Kadutu anakunywa dawa ya woga. Kwa kitambo kidogo aliushukuru ulimi mkavu. Kisha akatazama mbali, na mbali ndipo macho yake yalipoona vizuri: Nsimire, kule mlangoni, anajipangusa machozi kwa pembe ya kitenge.

Colombe alikuwa amekuja na maziwa, anayopewa mtu wa karuho. Mushagalusa akanywa kikombe kizima, akasukutua na cha pili. Ulimi ukabanduka.

"Hapana karuho," alisema kwa sauti ya chura. "Ni miye. Nilikunywa dawa ya woga, nikazidisha."

"Weye? Woga ya nini?" Colombe aliuliza.

"Mutoto anaenda."

Hakuna aliyecheka. Xavier akainuka kumjibu kwa heshima, akaanza kusifu mababu, akawachanganya, akaishia kumkumbatia Colombe huku analia. Wasemaji wote wawili walikuwa wamekwisha.

"Sasa tumekubaliana," alisema Apolline, ambaye hakuwa amesema neno tangu asubuhi. "Mukae, mukule."

Na mahari ilikwisha hivyo. Donatien alikuja, akamwamuru Mushagalusa alale, akaondoka na kichupa.

Kesho yake mboni za macho zilikuwa bado pana, na gauni la harusi lilingoja kushonwa. Hakuweza kuona tundu la sindano. Nsimire akaketi kando ya mashine, akawa anamtilia uzi. Uzi wa mashine ulikatika mara nyingi kuliko kawaida.

Mwisho wa juma Apolline alimkuta peke yake, anatia uzi kwenye sindano ndogo kabisa, mara moja tu, bila kukosea. Nsimire alipoingia, baba akafumba jicho moja, akapapasa mezani, akaomba asaidiwe. Apolline akawaacha, akarudi jikoni.