Sange, Herufi Tano

Mama mmoja mpiga pasi alikuwa hafungi nguo za mteja kwa gazeti kabla hajajaza chemshabongo yake. Mashati yangoje, suruali zingoje, lakini miraba haifungwi mitupu.

Jumamosi moja alikwama. Kidokezo kilisema: mnyama mdogo mwenye pua kama mkonga, herufi tano. Ya kwanza ilikuwa S, ya "sahani" aliyokwisha kuijaza. Ya mwisho ilikuwa E, ya "enzi". Akakuna kichwa, mara akakumbuka.

"Sange!" alipiga kelele. "Bibi yangu mzaa mama alikuwa akinigombeza nikichungulia sufuria: toa hapo pua yako ya sange!"

Shemeji yake, mwalimu wa sayansi aliyekuja kuchukua koti lake, aliangua kicheko.

"Shemeji, bibi alikuwa anakutania. Huyo ni panya."

"Panya anaanza na S lini?"

"Basi sahani umekosea."

"Sahani nimekosea, mimi niliyeziosha tangu sijaota meno ya ukubwani? Twende maktaba, shemeji. Mbivu na mbichi zitajulikana huko huko."

Akachomoa pasi ukutani, akajitanda kanga, akatoka. Mwalimu alimfuata huku akivaa koti lisilonyooshwa mkono mmoja. Njia nzima walibishana, mpaka muuza viatu akasimama kuwatazama.

Karani wa maktaba, binti mwenye miwani, alishusha kamusi nene kama tofali. Alipekua taratibu, mama wa watu roho mkononi. Saluni, samli, sandarusi...

"Hili hapa," karani alisema. "Sange: mnyama mdogo anayefanana na panya..."

"Si nilisema!" mwalimu aliruka.

"Subiri, mwalimu, sijamaliza. ...mwenye pua ndefu inayochezacheza, hula wadudu."

"Neno la bibi yangu hilo!" Mama alipiga vigelegele mle mle chini ya kibao cha KIMYA. Wasomaji waligeuka, mzee mmoja akaangusha gazeti. Karani alitaka kumkanya, kicheko kikamzidi nguvu.

Mwalimu aliisoma ile mistari mara tatu, kidole juu ya karatasi. Mwisho akasema kwa sauti ndogo, "Shemeji, yaishe. Miaka kumi na tisa nafundisha wanyama, huyu sikuwa namjua."

"Bibi alikuwa na maneno mengine kama hilo?" karani aliuliza.

"Mengi, mwanangu! Yamejaa tele humu."

Basi akavutiwa kiti. Alitaja, karani akaandika, na mwalimu akachora miraba kwa rula. Jua likapinduka wakiwa bado wanagombania neno la kukatiza na "nyegere".

Chemshabongo hiyo waliipeleka gazetini. Wiki ya tatu ilitoka, ukurasa wa kumi na moja. Mpiga pasi alinunua nakala sita akazibandika dukani, na kila mteja aliyeingia alishikishwa kalamu kwanza, nguo baadaye.