Chumvi Kwenye Chupa ya Soda

Jumamosi, sokoni Kasulu, muuza mahindi mmoja alitafuna punje mbele ya mteja, ikalia kau. "Umesikia, mama? Makavu haya!"

Huku kwetu jino ndilo kipimo. Lakini mama yule, mkulima wa Nyakitonto, alitoa kikapuni chupa kavu ya soda yenye chumvi kidogo, akatia punje za gunia lile lile, akaziba kwa kidole gumba na kuitikisa kama kayamba. Kisha akaiweka chini, akasubiri bila haraka. Alipoiinua, chumvi ilikuwa imeganda kwenye kioo.

"Yana maji bado," akasema. "Yakikaa guniani hivi yanaota ukungu, na ukungu ule ni sumu. Mimi nataka unga wa uji wa mjukuu."

"Nani kakufundisha uchawi huo?"

"Bibi shamba wa kijijini kwetu. Tena si uchawi, kaka. Chumvi inavuta maji tu."

Muuzaji akacheka, akageuka kutafuta wa kucheka naye. Hakumpata. Wanawake waliokuwa nyuma walishanyoosha mikono: "Lete chupa, na sisi tupime!"

Adhuhuri nilimkuta muuzaji yule anageuza mahindi yake juani, juu ya turubai, huku akizomewa kwa vigelegele.

Bibi shamba mwenyewe hakuwepo sokoni, wala hakuhitajika. Somo lake lilikuja kikapuni. Na mimi tangu siku ile siamini tena jino la muuzaji. Naamini chumvi, maana chumvi haina gunia la kuuza.