Mdogo Wangu Alinitangulia

Kuna watu wanaofurahia kuambiwa wamekua. Mimi nilipokuwa darasa la saba, mtu akiniambia hivyo nilimnunia wiki nzima. Akina mama wa kanisani walikuwa na tabia ya kunishika bega baada ya ibada, bega lile la kulia lililokuwa juu kuliko mwenzake, na kusema, "Huyu sasa amekuwa mrefu kama mamake." Nilitabasamu kwa adabu, na moyoni nikawatakia wapoteze sauti. Kila nilivyorefuka ndivyo nilivyozidi kupinda, na nilikuwa nimeshaambiwa hivyo na daktari.

Yalianza kwa sketi. Fundi wa pale Ikutha alinishonea sketi ya shule, akanivalisha, akarudi nyuma kuitazama, akakunja uso. Upindo ulikuwa umepanda upande mmoja. "Simama vizuri," akaniambia. Nilikuwa nimesimama vizuri. Akaifumua, akashona upya, ikapanda tena, akamwambia mama kwamba mtoto huyu anasimama kwa maringo. Mama hakubali mtoto wake asemwe na mtu mwingine isipokuwa yeye mwenyewe. Alinirudisha nyumbani, akanivua blauzi, akaniinamisha karibu na mlango penye mwanga. Kisha akamwita mdogo wangu, anayenifuata kwa mwaka mmoja tu, akamwinamisha kando yangu ili alinganishe. Tulikuwa tumeinama hivyo, sote wawili tukitazama vidole vya miguu yetu, niliposikia kiganja cha mama kikiteremka mgongoni mwake bila kukwama popote. Wivu wangu una mahali ulipozaliwa, na ni hapo.

Hospitali ya misheni ya karibu ilitutuma kwa daktari wa mifupa Nairobi. Safari hiyo ilikuwa ya kulala njiani, kwa hiyo tulilala Sultan Hamud kwa shangazi, dada ya baba, aliyekuwa akiuza mitumba kando ya barabara ya Mombasa. Daktari alikuwa kijana mpole mwenye kusema polepole. Alituonyesha picha ya mifupa yangu, akasema uti wa mgongo umepinda na kujisokota, na kwamba mara nyingi hakuna anayejua sababu. Mama alimuuliza kama ni mitungi ya maji niliyobeba tangu nikiwa mdogo. Daktari akasema hapana, si maji wala si kosa la mtu yeyote. Mama alishusha pumzi, lakini niliona hakuamini.

Kisha akatueleza jambo ambalo lilitawala maisha yangu tangu siku hiyo. Mgongo wa aina yangu huzidi kupinda wakati mtoto anakua kwa kasi. Nikimaliza kukua kabla haujapita kiasi fulani, watauacha. Ukipita, nitapasuliwa na kuwekewa vyuma. Katikati ya hayo mawili nilipaswa kuvaa breisi, gamba la plastiki lenye mikanda, mchana na usiku, ili liushikilie mgongo pale ulipo. Akamuuliza mama kama nimeanza hedhi. Mama akatazama mkoba wake, akasema bado.

"Akianza," daktari akasema, "jueni kukua kunaelekea mwisho. Itabaki kama miaka miwili hivi."

Nilitoka mle na jambo moja tu la kungojea duniani.

Breisi lile mdogo wangu alilipa jina la tangi, kwa sababu lilikuwa jeupe na gumu na liligongeka kama tangi la maji lisilo na kitu. Kwa joto la upande wetu, kuvaa plastiki chini ya sare ya shule ni adhabu ambayo siwezi kumweleza mtu wa mahali pa baridi. Jasho lilinitiririka kiunoni, ngozi ikachubuka, na kuinama kufunga kamba za viatu kukawa kazi ya kuomba msaada. Aliyenifungia kamba ni yeye. Alipiga magoti mbele yangu kila asubuhi, mgongo wake ukiwa umelala sawasawa chini ya sweta, na mimi nikautazama kutoka juu. Nilijua mifupa yake yote. Ningeweza kuichora.

Wivu wenyewe haukuwa wa mambo makubwa. Nilimwonea wivu anavyolala chali. Nilimwonea wivu blauzi zake kuingia ndani ya sketi bila kutuna upande. Alipocheka alicheka mpaka tumboni, na mimi kicheko changu kiligonga plastiki kikarudi. Naye, kumbe, alikuwa na orodha yake, ila sikuijua bado.

Sasa mama. Mama ni mkulima na mfugaji, na akili yake yote ameitumia kufanya vitu vikue. Anajua mbuzi anayekonda anakosa nini, anajua mahindi yanadai mbolea lini. Kuambiwa kwamba mtoto wake anaumizwa na kukua kulimpindua kichwa. Alifikiri siku kadhaa, kisha akafikia uamuzi wa mtu anayejua kazi yake: kama kukua ndiko kunakompinda, basi asilishwe vya kukuza. Tulikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, na kiangazi kile alikuwa akitoa kidogo sana, kikombe cha kugawana. Mama aliacha kunigawia. Kikombe chote kikaenda kwa mdogo wangu. Yai likitagwa, lilikuwa lake. Siku ya nyama mimi nilipata mchuzi na kipande kidogo, na isyo letu, yale mahindi yaliyochemshwa na kunde, nilipakuliwa sahani ndogo.

"Si kwa ubaya," mama aliniambia. "Nataka ukue polepole, mgongo usishtuke."

Nilikubali kwa moyo wote. Usiulize mtoto aliyefungwa kwenye plastiki kama atakubali kulala na njaa kidogo. Kanisani waliniwekea mikono kichwani wakamwomba Mungu aninyooshe, na mimi chini ya mikono yao niliomba jambo langu mwenyewe, kwamba aniachishe kukua. Nilikunywa chai ya rangi, mkandaa, nikimtazama mdogo wangu akilamba maziwa mdomoni, na nilijiambia kwamba yeye anakunywa kwa ujinga na mimi nakosa kwa akili.

Asubuhi moja hakuamka kunifungia viatu. Alikuwa amejikunja kitandani akishika tumbo, na nilidhani ni malaria. Mama aliingia, akaniambia nitoke. Nilisimama nje ya dirisha, nikasikia mama akizungumza kwa sauti ya chini isiyo ya kuuguza, sauti ya kufundisha. Kisha akaja nje akatuma dukani, na kilicholetwa kilikuwa kimefungwa kwenye gazeti, na mimi nilijua kilichomo.

Nilikuwa kifungua mimba. Kila kitu katika nyumba ile kilipitia kwangu kwanza, viatu, vitabu, viboko. Hiki kimoja nilichokingojea kuliko vyote kilinipita kikaenda kwa mtu ambaye hakukihitaji na ambaye alikuwa analia kwa sababu amekipata. Niliingia ndani. Alinitazama akitafuta kuonewa huruma, maana tulikuwa tukihurumiana kwa mambo mengi.

"Inauma," akasema.

"Ungekuwa na aibu ungenyamaza," nikamjibu, na sikuongea naye mpaka Jumapili.

Nilimwonea wivu maumivu ya tumbo. Nilimwonea wivu pedi zake, na ndoo aliyofulia. Usiku nilijisikiliza ndani ya tangi nikingoja uchungu wowote chini ya kitovu, na nilichopata ni njaa tu.

Safari iliyofuata daktari alikuwa ameagiza mdogo wangu aje pia, kwa kuwa jambo hili wakati mwingine huwa la ukoo na ni vizuri ndugu waangaliwe wanapokua. Alivaa nguo yake ya Krismasi. Kwa shangazi alichaguliwa mtumba wa rangi ya machungwa, akanunuliwa chipsi, akakaa dirishani akitazama malori ya Mombasa mpaka shangazi akamwita alale. Sikuelewa furaha ile yote ilikuwa ya nini. Kwangu barabara ile ilikuwa njia ya kwenda kupimwa.

Daktari alimwinamisha. Nilisogea nyuma yake, nikaegemea ukuta, nikatafuta nundu kama yangu. Nilitafuta kwa hamu kama mtu anayetafuta sarafu iliyoanguka mchangani. Ningefurahi kuiona, na sisemi hivi kwa majuto, ndivyo ilivyokuwa. Mgongo wake ulikuwa umenyooka.

"Huyu yuko sawa kabisa," daktari akasema. "Hana haja ya kurudi."

Mdogo wangu aliinuka, uso umemwanguka. "Kwa hivyo mimi sitakuwa nakuja?"

"Una bahati," daktari akamwambia.

"Yeye ndiye anakuja na mama kila wakati," akasema, na machozi yakaanza. "Mimi huwa naachiwa mbuzi. Hata siku moja sijawahi kwenda na mama mahali, sisi wawili tu."

Nilimtazama kama mtu niliyekutana naye siku hiyo. Alikuwa na mgongo ule, na bado alikuwa akiutaka wangu, kwa sababu wangu ulimpandisha mama basi na kumpeleka Nairobi. Ningempa hapo hapo. Tungebadilishana mlangoni na kila mtu aende zake.

Kisha daktari akanipima uzito, akatazama kadi, akanipima tena. Nilikuwa nimepungua.

"Mama, huyu anakula?"

Mama alijibu bila kusita, kama mtu anayetoa hesabu ya kazi aliyoifanya vizuri. "Daktari, si ulituambia akikua ndio anapinda? Basi mimi nikampunguzia. Maziwa, mayai, hiyo yote nampea huyu mdogo. Yeye nampimia tu kidogo."

Daktari aliweka kalamu chini. Alitafuta namna ya kusema bila kuumiza, na mtu akitafuta hivyo unajua itauma. Alisema mwili uliokosa chakula hauachi kukua, unachelewa tu. Hedhi inachelewa, mifupa inakaa wazi muda mrefu zaidi, na mgongo unapata muda mrefu zaidi wa kupinda. "Yeye ndiye angekunywa hayo maziwa," akasema.

Tuliporudi kwa shangazi, mama alimiminiwa chai yenye maziwa, akaisukuma mbele yangu. Mdogo wangu akasukuma na yake. Nilikunywa vikombe vyote viwili nikiwa na hasira, hasira ya kila tone lililoingia kwenye mwili wake likafanya kazi yangu humo.

Baada ya hapo nililishwa kama ndama. Maziwa, mayai, ini kutoka Mutomo kila baba alipotuma pesa kutoka Mombasa. Nilirefuka kwa kasi ya kutisha na mgongo ukapinda kidogo zaidi, na kila picha daktari aliishika kwenye mwanga huku mama akifunga macho. Hedhi yangu ilikuja siku ya mtihani wa hesabu, nikiwa nimekaa kwenye dawati. Nilipofika nyumbani na kumwambia mama, alikaa chini kwenye kizingiti akasema asante Yesu, asante Yesu. Mdogo wangu alinigawia pedi zake bila kusema chochote, na alikuwa na haki ya kusema.

Picha ya mwisho nilipigwa nikiwa kidato cha tatu. Daktari alionyesha ukingo wa mfupa wa nyonga, akasema umefunga, sikui tena. Mgongo ulikuwa umekaribia kile kiasi cha kisu, lakini haukukipita. Hakuna upasuaji. Breisi nivue hapo hapo, nisirudi nalo nyumbani.

Nilidhani siku hiyo wivu wangu ungekwisha, maana nilikuwa nimeupangia mwisho. Nilisimama na fulana tu, upepo ukipita mbavuni, na nikamuuliza, "Sasa utanyooka lini?"

"Hautanyooka," akasema kwa upole. "Breisi lilikuwa la kuushikilia. Ulivyo sasa ndivyo utakavyokuwa."

Alikuwa ametuambia hivyo tangu mwanzo, na sisi tulisikia tulichotaka. Niliomba niache kukua, na nilikuwa nimeacha, bega moja juu na jingine chini. Hapakuwa na kitu kingine cha kungojea.

Nje kwenye veranda mama alimpigia simu mdogo wangu. Simu ya mama ilikuwa ya kupaza sauti, mtu wa tatu kwenye benchi angesikia kila kitu.

"Wamemtoa tangi," mama akamwambia. "Na hawampasui."

"Kwa hivyo amenyooka?"

Mama aligeuka akanitazama, kutoka kichwani mpaka kwenye ndala, akaanzia tena juu. Nilijaribu kusimama vizuri.

"Amemaliza kukua," akasema.