Mkono wa Bati wa Katibu

Katibu wa kijiji alipotuhamishia kijiji cha ujamaa, upande wa Msanzi, alimnyang'anya baba nyundo zake. Alisema mhunzi kujifanyia kazi peke yake ni ubepari. Akazifungia stoo, na baba, aliyewafulia watu majembe maisha yake yote, akabaki kukaa barazani akikuna magoti. Nilimchukia yule mtu mpaka ugali ukawa haunipiti kooni.

Ikakaribia Sabasaba. Katika kitabu kikuukuu cha mapadri katibu aliona picha ya askari wa Ulaya ya kale aliyevikwa chuma. Akataka siku hiyo kuigiza mlinzi wa Ujamaa, mkono wake wa kulia uwe vilevile: bamba la bega, bamba la kiwiko, na mabomba mawili ya kuuzungushia mkono hadi kwenye kiganja. Akamwendea baba. Baba akamjibu kwa upole kwamba hana nyundo.

“Nitautengeneza mimi, ndugu Katibu,” nikasema.

Akacheka. Kwetu mwanamke hakaribii moto wa mhunzi. Lakini bati la debe halihitaji moto, na jiwe lilinitosha. Baba akiunga vipande viwili huviacha viungo vilegee kidogo ili chuma kikunjike, mimi nilivikaza. Pichani kulikuwa na mikanda ya kufungia, lakini mimi asubuhi ya sikukuu nilimvika kwanza, kisha nikapitisha misumari kwenye kingo za bati na kuzipinda ncha zake kwa jiwe.

Uwanjani alipigiwa makofi. Kikaja chakula, ugali wa ulezi na nyama, mgeni kutoka wilayani ameketi kando yake, na mkono haukunjiki. Akajaribu kula kwa kushoto, wazee wakaguna. Mwishowe mgambo mmoja akawa anamlisha tonge kwa tonge mbele ya kijiji kizima. Nilisogea mbele nione vizuri.

Alasiri katibu alikuja kwetu akitokwa jasho licha ya baridi yote ile ya Julai, vidole vimevimba.

“Shikamoo, mzee. Nitoe humu.”

“Marahaba. Nikutoe kwa nyundo ipi?” baba akauliza.

Nyundo zikaletwa mbio, zote, pamoja na patasi. Baba akazifuta kutu moja moja, hana haraka. Nilifurahi, na hadi leo sijutii. Kisha akaniomba nimshikie mgonjwa mkono usitikisike.

Nikaushika, pale hasa palipovimba.