Mbele kangaruu, nyuma buibui

Leo binti yangu kaniita mnyama mbele ya mama mkwe, na sijamfanya kitu. 😂

Tuko shambani Nkoma tunachuma pamba. Kabula, wa darasa la nne, analalamikia kazi ya nyumbani: alinganishe kangaruu na buibui.

Nikamwambia, "Andika hawafanani hata kidogo. Mmoja anabeba mtoto kwenye mfuko wa tumboni, mwingine mdudu tu. Haya, chuma pamba."

Hapo hapo buibui mkubwa akapita karibu na mguu wangu. Nikavua ndala.

"Mayu, usimuue! Ana watoto!" Kabula akapiga kelele. Mayu ndiyo mama kwa Kisukuma chetu.

Nikainama.

Jamani. Mgongo mzima umejaa vitoto vidogo kama punje za ulezi. Vimemng'ang'ania mama yao, naye anakimbia navyo hivyo hivyo.

Ndala nikairudisha mguuni.

Kabula akamtazama buibui, akanitazama mimi. Kitenge nimekifunga mbele, kimejaa pamba mpaka nina tumbo. Mgongoni mdogo wake, Masanja, kalala fofofo.

"Mayu, wewe mbele kangaruu, nyuma buibui."

Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini. Mimi nikajifanya nimenuna.

Wakati wa kurudi, Kabula akaanza: miguu inauma, kachoka, nimbebe.

Nimbebe wapi? Mbele pamba, nyuma Masanja.

Nikampa mkono, tukatembea hivyo mpaka nyumbani.

Haya wenzangu, mimi sasa ni mnyama gani?